Uchambuzi wa Kisa: Vyungu 64 vya Mchaichai na Kivumbasi, na Mbu Waliobaki Palepale

Mazingira

Kisa hiki ni cha mgahawa wa familia mjini Tanga, karibu na ufuo wenye mikoko. Jina, mtaa na mwaka vimeondolewa, na baadhi ya vipimo vimekadiriwa ili mahali pasitambulike. Mgahawa una vyumba viwili vya ndani na uwanja wa wazi wa mita 12 kwa 9, uliozungushiwa ukuta mfupi unaofika kifuani. Wateja wengi huja baada ya magharibi na kukaa nje, kwenye meza nane, wakila mishikaki, mihogo na samaki wa kukaanga na kushushia madafu.

Mwenye mgahawa, mama wa makamo, alikuwa akichoma dawa ya mbu ya koili chini ya kila meza. Moshi wake uliharibu harufu ya chakula, na wateja wenye pumu walilalamika. Kijana muuza miche akamshauri: “Mama, zungusha mchaichai na kivumbasi ukutani, mbu hatakanyaga hapa.”

Ushauri huo una asili yake. Kivumbasi, ambacho wengine hukiita kivumbasha, kimetumiwa miaka mingi na watu wa Afrika Mashariki kufukuzia mbu, kwa kufikichwa, kutundikwa chumbani au kuchomwa. Tatizo ni kwamba katika matumizi hayo yote jani linaguswa, linakatwa au linapashwa moto. Muuza miche alibeba sifa ya jani lililofikichwa, akaiuza pamoja na jani lililotulia kwenye shina lake.

Mpango wa kwanza

Kazi ilianza Oktoba, vuli ilipokaribia. Zilinunuliwa ndoo kuukuu za lita 20, zikatobolewa chini na kuwekwa kandokando ya ukuta, moja kila mita. Ndoo 40 zikajaa. Nusu zilipandwa mchaichai na zilizobaki kivumbasi, isipokuwa chache za mrehani karibu na mlango kwa ajili ya nzi. Chini ya kila ndoo kiliwekwa kisahani cha plastiki ili maji yasichafue sakafu, ambayo ilikuwa imepakwa rangi mpya.

Udongo ulikuwa mzuri: sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya mchanga wa mtoni na sehemu moja ya samadi ya ng’ombe iliyooza. Mchanga wa pwani uliepukwa kwa sababu ya chumvi, na hilo lilikuwa jambo la busara. Umwagiliaji ulipangwa saa 11 jioni kila siku, kabla ya wateja kufika, ili uwanja uonekane umepoa.

Mtoto wa mwenye mgahawa aliongeza mawazo yake kutoka mtandaoni. Alitaka lavenda, pareto na jeranium moja yenye harufu ya limau inayouzwa nchi nyingi kwa jina la “mmea wa mbu”. Lavenda ilipatikana na ikaoza mizizi kabla ya Desemba. Ni mmea wa hewa kavu, na hauvumilii joto la Tanga lenye unyevu. Pareto haikupandwa, na hapakuwa na hasara. Hustawi nyanda za juu zenye baridi kama Mufindi, na bila baridi haitoi maua ya maana. Isitoshe, sumu yake imo katika ua, hasa kwenye mbegu zinazokomaa, na hufanya kazi baada ya ua kukaushwa na kusagwa au kukamuliwa. Kupanda pareto ukutani hakumfukuzi mbu. Ile jeranium haikupatikana, na afadhali: watafiti wa Florida waliijaribu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaona haiwazuii mbu hata kidogo.

Yaliyofuata, Novemba hadi Machi

Mimea ilishika. Kufikia Januari kivumbasi kilikuwa kimefika magotini na mchaichai umejaa ndoo. Wateja walisifu uwanja, wakapiga picha, wakaendelea kujikuna.

Uamuzi wa Januari ulikuwa kuongeza dozi: ndoo 24 nyingine, na visahani vyake. Jumla ikawa 64. Mwishoni mwa Februari likazuka jambo ambalo halikuwapo mwanzo. Wahudumu walianza kuumwa mchana, wakati wa kupanga meza saa 9 na saa 10 alasiri, kwenye vifundo vya miguu, na mbu mwenye madoa meupe miguuni. Huyo ni Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengue, na Tanga ni miongoni mwa maeneo yaliyoguswa na mlipuko wa dengue wa mwaka 2019. Hapo suala likatoka kwenye starehe ya wateja likawa la afya ya wafanyakazi, na ukaguzi ukaitishwa.

Ukaguzi ulivyofanywa

Ukaguzi ulichukua asubuhi moja, kwa tochi, bakuli jeupe na bomba la kunyonyea la plastiki. Utaratibu ulikuwa rahisi: kila chombo kinachoweza kushika maji kwa wiki nzima kilimulikwa, maji yakanyonywa na kumwagwa kwenye bakuli jeupe, na viluwiluwi vikatafutwa. Weupe wa bakuli ndio unaosaidia, kwa sababu kwenye kisahani cheusi huwezi kuwaona wachanga.

Visahani vilivyokuwa na maji vilizidi nusu, na vingi kati ya hivyo vilikuwa na viluwiluwi. Kwa joto la pwani, yai la Aedes huwa mbu mzima ndani ya siku saba hadi kumi hivi. Kwa kuwa maji yalijazwa kila jioni, visahani havikukauka hata mara moja. Mimea ya kufukuza mbu ilikuwa imegeuka kitalu cha mbu.

Nyuma ya jiko kulikuwa na rundo la madafu yaliyokwisha kunywewa, yakisubiri mkokoteni wa taka unaopita mara moja kwa wiki. Dafu lililokatwa juu hushika maji ya mvua kama kikombe, tena liko kivulini na lina mabaki matamu ya kulisha vijidudu ambavyo viluwiluwi hula. Karibu kila dafu la chini ya rundo lilikuwa na viluwiluwi.

Chanzo cha tatu kilikuwa chemba ya maji taka. Mfuniko ulikuwa na ufa unaopitisha kidole, na bomba la hewa halikuwa na wavu. Humo huzaliana Culex, mbu wa usiku wa mijini anayependa maji machafu. Huyu ndiye aliyekuwa akiwasumbua wateja tangu mwanzo, na hakuna chungu cha mchaichai ambacho kingemfikia humo ndani.

Mambo mengine mawili yalionekana bila tochi. Kwanza, kipindi chote hicho upepo ulikuwa wa kaskazi, huku vichaka vikubwa vya mchaichai vikiwa vimepangwa ukuta wa kusini, upande wa jiko. Harufu yoyote iliyotoka ilikwenda barabarani. Pili, kwa kumwagilia saa 11 jioni, vichaka vilikuwa vimelowa na kupoa wakati mbu wazima wanapoamka kutoka mapumzikoni. Mbu hukaa mchana kwenye majani mazito yenye unyevu na kivuli, na mchaichai usiopunguzwa ni malazi mazuri kwao, harufu yake nzuri kwetu isiwahusu.

Maamuzi na sababu zake

Visahani vyote viliondolewa. Ndoo iliyotobolewa haihitaji kisahani nje. Rangi ya sakafu ililindwa kwa kuinua ndoo juu ya vipande vya tofali. Kabla ya kuhifadhiwa, kila kisahani kilisuguliwa kwa brashi ngumu na sabuni. Kumwaga maji pekee hakutoshi, kwa sababu mayai ya Aedes hugandishwa ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Mwenye mgahawa alipotaka visahani vichache vibaki kwa urembo wa mlangoni, suluhisho lilikuwa kuvijaza mchanga hadi ukingoni: unashika unyevu bila kuacha maji ya wazi.

Madafu yalianza kupasuliwa vipande viwili mara tu mteja anapomaliza, na kutupwa kwenye pipa lenye mfuniko. Kupasua husaidia hata pipa likijaa, kwa sababu nusu ya dafu ikifudikizwa haishiki kitu. Ufa wa chemba ulizibwa kwa saruji na bomba la hewa likafungwa wavu usioshika kutu, wenye tundu la milimita 1.2 hadi 1.5. Wavu wa plastiki haufai hapo. Jua na gesi za chemba huuchakaza upesi.

Palizungumzwa pia kutumia punje za polistirini, zile nyeupe nyepesi za kufungia vyombo vya umeme. Njia hiyo ilijulikana sana kutokana na Makunduchi, Unguja, ambako mwishoni mwa miaka ya 1980 mashimo ya vyoo yenye maji yalifunikwa kwa tabaka la punje hizo na Culex wakakosa pa kupumulia. Hapa haikuchaguliwa: chemba hii ina njia ya kutolea maji, na punje zingesombwa nayo. Njia hiyo ni ya shimo lisilofurika.

Mimea haikung’olewa. Ilipewa kazi tofauti.

Kivumbasi na mchaichai havihifadhi mafuta yake mahali pamoja. Kwenye kivumbasi na mrehani, mafuta yamo katika vinyweleo juu ya jani. Ukilipitishia nguo tu, harufu inatoka. Kwenye mchaichai yamo ndani ya jani, na hutoka likivunjwa, likikatwa au likipashwa moto. Kwa hiyo ndoo 14 za kivumbasi zilihamishwa kutoka ukutani na kupangwa pande mbili za njia nyembamba ya wahudumu, sentimita 60 kati ya safu na safu, ili kila sinia inapopita majani yaguswe. Mchaichai ulibaki pembeni kama shamba la malighafi.

Malighafi hiyo ilikwenda kwenye chetezo. Nyumba nyingi za pwani zina chetezo cha udi, na mgahawa ulikuwa na vitatu. Juu ya makaa yaliyokwisha kushika jivu jeupe kiliwekwa kipande cha bati kisicho na rangi, na juu ya bati konzi mbili za majani mabichi yaliyokatwa urefu wa kidole: moja ya mchaichai, moja ya kivumbasi. Majani yanatakiwa yatoe mvuke na kusinyaa polepole, yasiungue. Yakianza kufuka moshi mweusi, bati liko karibu mno na makaa; liinuliwe kwa mawe mawili. Konzi hubadilishwa kila baada ya dakika 20 hadi 30, mara linapokauka. Vyetezo vilikaa chini, upande upepo unakotoka, mita mbili hivi kutoka meza ya kwanza, ndani ya fremu ya chuma ili watoto wasivipige teke.

Feni mbili za kusimama zikashushwa hadi kimo cha magoti, zikaelekezwa chini ya meza. Mbu ni mrukaji dhaifu, na feni pia hutawanya pumzi na harufu ya jasho vinavyomwongoza kwa mtu. Mwenye mgahawa hakulipenda hili mwanzoni, kwa kuwa lilionekana kama kukiri kwamba mimea imeshindwa. Lilikubaliwa baada ya jioni moja tu.

Kumwagilia kulihamishiwa saa 1 asubuhi.

Matokeo

Kipimo kilichotumika kilikuwa cha kawaida kabisa: mhudumu aliandika kwenye daftari la oda kila meza iliyoomba kuhamia ndani au kuomba dawa ya mbu. Kuhesabu mbu wanaotua mguuni kulikataliwa kwa sababu ya hatari ya dengue.

Mbu wa mchana walitoweka kwenye uwanja ndani ya wiki tatu baada ya visahani na madafu kushughulikiwa. Hilo linaendana na umri wa mbu wazima waliokuwapo na kukosekana kwa wapya.

Kwa mbu wa usiku, kabla ya mabadiliko meza mbili au tatu zililalamika kila usiku. Baada ya chemba kuzibwa zilipungua, lakini siku zisizo na upepo bado kulikuwa na malalamiko. Hapo ndipo vyetezo vilipojaribiwa kwa kupishana usiku, leo vipo, kesho havipo, kwa wiki tatu, feni zikiwa zimezimwa. Usiku wa vyetezo ilikuwa meza moja au hakuna. Usiku usio na vyetezo, moja au mbili. Tofauti ipo, si kubwa. Feni zilipowashwa, malalamiko yalikoma karibu kabisa kwenye meza zilizofikiwa na upepo wake, yakabaki kwenye meza mbili za pembeni.

Usubi wa mikokoni hawakujali majani hata kidogo, chungu wala chetezo. Feni iliwapunguza. Kumbikumbi wa masika waliendelea kumiminika taani hadi balbu nyeupe zilipobadilishwa kuwa za njano hafifu na moja kutundikwa mbali, ng’ambo ya ukuta. Mirehani ya mlangoni haikuzuia nzi. Ndoo ya utumbo wa samaki ilipofunikwa, nzi walipungua.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilikuwa kudhani kwamba mmea hai ni ukuta. Kuna ushahidi kwamba mmea hai unaweza kusaidia, lakini usomwe kwa makini. Magharibi mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vyungu vya kivumbasi na vya lantana, kichaka cha maua chenye harufu kali, vilivyowekwa kwenye nyumba vilipunguza mbu wa malaria walioingia ndani kwa takriban theluthi. Majani yaliyopashwa moto juu ya bati yalifanya vizuri zaidi. Mkoani Kagera, kati ya Septemba 2008 na Julai 2009, nyumba zilizozungushiwa lantana zilikuwa na Anopheles gambiae, mbu wa malaria, pungufu kwa 56% kuliko zisizo nayo. Takwimu hizo zote ni za mbu kuingia nyumbani, mahali penye kuta, ambapo mmea umeziba dirisha au upenyo wa paa na harufu haipeperuki. Uwanja wa wazi wa Tanga hauna upenyo wa kuziba, na upepo wa bahari hubeba harufu kabla haijajikusanya. Aliyesoma “56%” na kupanda ua kuzunguka meza za nje amehamisha jibu kutoka swali moja kwenda jingine.

Lantana yenyewe ilifikiriwa hapa ikakataliwa, na nadhani kwa haki. Huenea ovyo kupitia ndege wanaokula matunda yake, ina sumu kwa mbuzi na ng’ombe, na jirani mmoja alikuwa na mbuzi wanaozurura.

Uamuzi wa Januari ndio uliogharimu zaidi. Dawa isipofanya kazi, kuongeza dozi kabla ya kuuliza kwa nini ni mtego. Swali lililohitajika lilikuwa: huyu mbu ni yupi, na anazaliwa wapi? Saa ya kuumwa peke yake ingetoa nusu ya jibu. Anayeuma alasiri kwenye vifundo ametoka kwenye chombo cha maji safi kilicho karibu, pengine ndani ya mita mia moja. Anayeuma kuanzia saa 1 usiku na kuvuma sikioni aelekea kutoka kwenye maji machafu. Wa malaria huuma zaidi usiku wa manane, wakati mgahawa umefungwa, na kinga yake ni chandarua chenye dawa.

Matokeo haya yana udhaifu wake. Visahani, madafu na chemba vilishughulikiwa wiki moja, kwa hiyo haiwezekani kusema kila kimoja kilichangia kiasi gani. Tena, masika yalipoisha na kusi kushika, mbu wangepungua kidogo hata kama hakuna lililofanyika. Vyetezo na feni ndivyo pekee vilivyopimwa kwa kuwasha na kuzima, ingawa kwa daftari la oda na kwa wiki chache. Kivumbasi cha njiani hakikupimwa peke yake. Kinapendeza, kinanukia, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kukibakiza.

Kwa anayetaka kufuata sehemu iliyofaa, malighafi ndiyo huwaangusha wengi. Vyetezo vitatu kwa saa nne hula ndoo ndogo nzima ya majani kila usiku. Mchaichai wa miche miwili au mitatu kwa ndoo ya lita 20 huanza kuvunwa kidogo baada ya miezi mitatu au minne; ukatwe sentimita 15 hadi 20 juu ya udongo, kisha uachwe miezi miwili hivi ujaze tena. Kwa mzunguko huo ndoo 30 hazitoshi kila siku, na mgahawa huu uliishia kutumia vyetezo siku tatu za wiki zenye wateja wengi na kupanda safu ya ziada ardhini, sentimita 60 kati ya shina na shina. Kivumbasi kikatwe ncha kila kinapotaka kutoa maua. Kikishaachia mbegu, majani huwa madogo na shina hugeuka mti. Upande unaopigwa na upepo wa chumvi, majani yasuuzwe kwa maji safi mara moja kwa wiki, asubuhi. Mashina ya katikati ya mchaichai yapunguzwe kila miezi sita, ili hewa ipite na mbu wakose pa kulala.